Pumzi ya Bata Bukini

Mkwaruzo ndio uliotangulia kusikika: kalamu ya chuma juu ya plastiki, kra, kra, kisha kimya, kisha mtu kushusha pumzi ndefu. Ulipofika ghorofa ya tano ya studio ya katuni ndipo ulipomwona Štefica Balenović, glovu zake nyeupe zimekatwa vidole viwili, ameinamia meza yenye taa chini ya kioo. Alikuwa akinakili kwa wino picha za bata bukini kwenye karatasi angavu za plastiki, karatasi elfu nane kwa filamu ya dakika kumi na moja. Mnakili hapumui mstari unapokwenda. Akipumua, mstari hutetemeka. Štefica alizuia pumzi yake karatasi baada ya karatasi, na yote ikaingia kwa bata.

Mkurugenzi, Zvonimir Krnjak, alilijua hilo na lilimpendeza.

“Usitupumulie wino, Štefa,” alizoea kusema akipita na kahawa yake. “Utapumua ukistaafu.”

Filamu ilizinduliwa Zagreb mwezi wa Aprili. Kabla ya picha kuanza, majina yakapita kwenye skrini: Krnjak, Krnjak tena, mke wa Krnjak kwa ushauri, duka lililoazimisha piano. La Štefica, aliloahidiwa mbele ya wenzake wote, halikuwemo. Akachukua koti lake akatoka.

Kwenye skrini bata akanyanyua mguu mmoja, akasimama hivyohivyo. Nyuma yake kinu cha upepo kiliendelea kuzunguka na jenerali wa katuni aliendelea kumfokea. Mwendesha mashine akakagua ukanda wa filamu; ulikuwa unatembea vizuri. Watu wakangoja, wakitafuna mbegu za maboga.

Krnjak alimkuta kwenye kituo cha tramu.

“Rudi ndani. Bata kakwama.”

“Kamsukume wewe, ndugu mkurugenzi. Jina lako liko mle mara mbili.”

“Kiburi hicho umekitoa wapi, mchovya wino?”

“Niandike.”

“Nitakuandika kwenye nakala zijazo. Twende, anageuka bluu.”

Kweli alikuwa anageuka bluu. Štefica hakurudi kwa ajili ya Krnjak. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, bata akashusha mguu, na watu wakacheka panapochekesha.

Nakala zijazo zilitoka na majina yaleyale. Kilichobadilika ni hati ya mizigo: makopo mawili ya filamu, bango moja, mwanamke mmoja. Karlovac, kisha Osijek. Kila stesheni karani aligonga mhuri na kumwelekeza kwenye behewa la mizigo. Nakala ya pili ilipopelekwa Ljubljana huku Štefica yuko Osijek, watu wa Ljubljana walimtazama bata aliyesimama kwa mguu mmoja hadi mwisho, wakaandika barua kulalamika kwamba viti vilikuwa vigumu. Huko Italia Krnjak alipewa kikombe cha fedha. Mwandishi wa gazeti akamuuliza imekuwaje bata apumue vile.

“Ni mbinu yangu,” alisema, Štefica akikohoa nyuma ya pazia.

Mwaka wa pili ngazi zilimshinda Štefica. Daktari alisikiliza mapafu yake, akasema nusu haipo, kisha akauliza kama filamu itafika Varaždin, maana wanawe wangependa kuiona.

Krnjak alimfuata hadi Split, akaketi kando yake ukumbini, kabrasha kwapani.

“Mpya hii. Bata arobaini. Unaanza Jumatatu.”

“Na jina langu?”

“Refu mno. Litawachosha watu.”

“Daktari kanipa mwaka mmoja.”

Krnjak akahesabu kwa vidole. “Basi anza Jumapili. Na mwezi ujao uje Zagreb, wananipa nishani. Tutaonyesha bata.”

Taa zikazimwa. Štefica akavuta pumzi kidogo aliyobaki nayo, na kwenye skrini bata akapiga hatua. Akamtazama mpaka alipovuka daraja salama. Kisha akasema, kwa sauti ambayo safu tatu za mbele ziliisikia:

“Nitakuja, Zvonimir. Nitakaa kiti cha nyuma, nitangoja wewe upande jukwaani, nitangoja na huyu bata anyanyue mguu. Hapohapo nitakufa, naye abaki hivyohivyo mbele ya wageni wako wote. Nakuahidi.”