Mnazi wa Chumba cha Seli

Asubuhi Zulekha, fundi wa maabara, alifungua kabati la joto ili abadilishe chakula cha seli, akakuta mnazi umeota ndani ya chupa mojawapo. Ulikuwa umetoboa kifuniko. Aliusogeza kidogo, akamimina kioevu kipya, akafunga mlango.

Seli za chupa ile zilitoka kwenye kondo la nyuma la mtoto wa Mishi, mwanamke wa Kibuyuni aliyejifungua katika hospitali iliyo ng'ambo ya ua, hapo Msambweni. Maabara ilitaka eksosomu, vifuko vidogo mno ambavyo seli huvitoa ili zipelekeane habari. Seli zilibadilishwa vinasaba ili zitoe vingi zaidi, vya kutibu vidonda. Mishi alikuwa ameomba apewe kondo akalizike uani kwao na kupanda mnazi juu yake, kama mamake alivyomfanyia yeye. Aliambiwa limeshachomwa pamoja na taka. Akaondoka na mtoto tu.

Kufikia Ijumaa mnazi ulikuwa umevunja kabati. Ulihamishiwa kwenye pipa karibu na dirisha. Daktari Mercy, mkuu wa maabara, alikata kuti moja, akalisaga, akakuta eksosomu nyingi kuliko zilizowahi kutoka katika chupa yoyote. Alifurahi. Akaupa mnazi namba. Jina la mtoto halikuulizwa.

Mishi alirudi hospitali kumchanjisha mwanawe. Mtoto alikuwa akilia tangu azaliwe, na nazi aliyopandiwa kwao, juu ya shimo tupu, ilikuwa imekataa kuota. Walipopita chini ya dirisha la maabara, ambapo makuti yalikuwa yametokeza nje, mtoto akanyamaza. Akalala.

Mishi akapiga hodi.

"Salaam aleikum, dada. Nimekuja kuchukua mnazi wa mwanangu."

Zulekha aliitikia salamu, akamtazama daktari.

"Huyu mama anataka nini?" Daktari Mercy aliuliza.

"Anataka kondo lake."

"Si aliambiwa lilichomwa?"

"Ndivyo tulivyomwambia, daktari."

"Basi lilichomwa. Huu ni mti wa utafiti."

"Na mti wa utafiti umemjuaje mwanangu, hata akalala chini yake?" Mishi akasema.

"Mama, kama analala hapo nje, si umlete tu alale?" daktari akasema. " Kivuli ni bure."

Mishi alimgeukia Zulekha.

"Lako wewe, dada, lilizikwa wapi?"

"Kwetu Ukunda. Nyuma ya jiko."

"Na ulikuwa ukilala?"

"Nilikuwa nikilala."

Mishi akatikisa kichwa polepole. Akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akaondoka. Kabla hajafika getini mtoto alizinduka, akalia kwa sauti ya mtu aliyeibiwa mchana watu wakitazama.

Daktari Mercy akasema dirisha lifungwe, hawezi kufanya kazi na kelele zile. Halikufungika kwa sababu ya makuti.

Zulekha akatumwa msumeno. Aliuleta.