Tarehe za Kabati la Bafuni

Nyumbani kwa Bi Masouda, Ghubra, mjini Maskati, msimu wa joto haukuanza kwa kalenda. Ulianza siku bibi huyo alipofungua bomba la maji baridi akaungua. Hapo alizima hita, na nyumba nzima ikageuka: bomba la bluu, lenye maji ya tangi la juu ya paa, likawa ndilo la moto, na lile jekundu, lenye maji yaliyotulia ndani ya hita, likawa la baridi. Filomena, mfanyakazi wake kutoka Bukoba, hakuambiwa hayo mwaka wake wa kwanza. Aliyajua kwa mgongo wake.

Chumba cha Filomena kilikuwa juu ya paa hilo hilo, ubavuni mwa tangi. Kilikuwa na kitanda, rozari ukutani na feni. Kazi ya feni ilikuwa kuchukua joto la kona hii na kulipeleka kona ile. Miaka minne alikuwa akiomba kiyoyozi, na miaka minne akijibiwa vilevile.

Bi Masouda hakuwa bahili hata kidogo. Alikuwa mbishi, na huo ni ugonjwa mwingine.

"Joto la Maskati ni lile lile tangu nlipokuja toka Unguja," alisema. "Nyinyi ndo mmekuwa laini. Hata Aflah, mwanangu wa kumzaa, kila siku ananletea makaratasi ya kazini kwake, ati hali ya hewa inabadilika, ati dunia inapata homa. Ipeni panadoli!"

Aprili ya mwaka 2006, Filomena alikuwa akisugua kabati la bafuni. Alipofungua mlango wake akakuta upande wa ndani umejaa maandishi ya penseli, mwandiko wa Bi Masouda: tarehe ya kuzima hita, mwaka hadi mwaka. Alikuwa ameshafuta mstari wa juu kabisa kabla hajashtuka akasoma. 1986, Mei 19. 1991, Mei 11. 1998, Mei 2. Mwaka jana, Aprili 20. Mwaka huu, Aprili 16. Hakusubiri hata kukausha mikono.

"Bibi, samahani. Kama joto ni lile lile, mbona hita inazimwa mapema zaidi kila mwaka?"

Bi Masouda alikuwa majlisi, sebule ya wageni, na kikombe cha kahawa mkononi na tende mdomoni. Akaitafuna tende ile kwa muda mrefu kuliko tende inavyostahili.

"Nani kaandika hayo?"

"Wewe, Bibi."

Hakuna kinachomkera mbishi kama kubishiwa na mkono wake mwenyewe. Bi Masouda akavaa ndara, akapanda ngazi hadi juu, akajifungia chumbani kwa Filomena apumzike baada ya chakula cha mchana, ili ithibitike kwamba panalalika. Dakika kumi hazikutimia. Alishuka kanga imemganda mwilini, kama katolewa kwenye sufuria.

"Mpigie Aflah," alisema. "Mwambie alete AC. Na asinambie neno."

Kiyoyozi kikafungwa wiki hiyo. Usiku wa kwanza Filomena alijifunika blanketi, akalia kidogo kwa furaha, akasali.

Machi iliyofuata, ukelele ukatoka bafuni. Bomba la bluu lilikuwa la moto, na Aprili bado. Filomena alipanda juu kutazama, akaona: mgongo wa kiyoyozi chake ulipuliza hewa ya moto moja kwa moja kwenye tangi. Angeweza kunyamaza. Lakini hakuzoea kusema uongo, akashuka akaeleza yote. Akilini aliiona ile feni ikirudi.

Bi Masouda alichukua penseli, akaandika mlangoni mwa kabati: "2007, Machi 21. Sababu: Filomena."

Jioni Filomena alisimama mbele ya maandishi hayo. Yalimuuma. Kimya cha nyumba hakikuwa kimya; kila dirisha lilikuwa na sanduku linalonguruma, likipuliza nje moto wa watu wa ndani, na masanduku hayo yalikuwapo kabla yeye hajaijua hata njia ya uwanja wa ndege. Akachukua penseli ile ile, akaongeza kwa herufi ndogo za adabu: "na AC tano za chini."

Asubuhi alilisikia kabati likifunguliwa. Kisha kicheko cha Bi Masouda, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi.

"We Filomena! Hebu njoo hapa."

Akaenda. Bi Masouda alikuwa ameikata ile "tano" kwa mstari, anaandika juu yake.

"Sita, mwanangu," alisema. "Umesahau ya majlisi."