Ngoma Yenyewe, Si Picha Yake

Georgette alitoka Luvungi asubuhi kwa pikipiki, vumbi la barabara likimjaa hadi kwenye kope, kwa sababu laini ya telefone yake ilikuwa imefungwa. Saa sita mchana, makumbusho moja ya Ulaya ingempigia kuhusu ngoma ya ukoo wao, iliyochukuliwa enzi za Wabelgiji. Mwaka mzima alikuwa akiiomba nafasi hiyo. Na sasa, kila akitafuta msaada wa kampuni ya simu, sauti ya mashine ilimwambia abonyeze moja, abonyeze mbili, kisha ikamshukuru na kukata.

Ofisini Uvira alipanga foleni. Msichana wa dirishani, Vanessa, alitazama kompyuta akatikisa kichwa.

"Mama, système ndiyo ilifunga. Jina yako haiendane na ile iko kwa carte ya kitambulisho. Urudi juma lijalo."

"Juma lijalo watakuwa wamenisahau. Weye, niitie chef."

"Chef iko mu réunion."

"Basi miye niko hapa."

Hakupaza sauti. Aliegemea tu dirisha, hakusogea. Nyuma yake watu wakaanza kunung'unika, na mama mmoja mwenye kapu la ndagala, samaki wadogo wa ziwani, akamwambia waziwazi kwamba anawachelewesha. Georgette akageuka, akawaeleza: ngoma ya babu zake imefungiwa ndani ya kioo mbali huko, na leo ndiyo siku ya kuidai.

Yule mama wa ndagala akasogea, akagonga dirisha kwa kiganja. "Mumufungulie! Ni ngoma yao!"

Kelele ikamtoa mkuu wa ofisi, chef Emery, mkutanoni. Alisikiliza akiwa amekunja uso, akaketi mwenyewe kwenye kompyuta. Laini ilifunguka saa sita ikikaribia, naye Vanessa akamwekea Georgette kiti pembeni, mahali réseau inaposhika vizuri.

Simu ikaita. Mwanamke wa makumbusho alizungumza Kifaransa cha upole. Wangewapa picha nzuri ya ngoma, alisema, ambayo familia ingeweza kuigeuza pande zote ndani ya telefone.

"Picha haiiti watu wakakusanyika, Madame. Tunataka ngoma yenyewe."

"Lakini ilinunuliwa."

"Mwenye ngoma alikuwa gerezani wakati huo. Aliyewauzia ni nani?"

Yule mwanamke akauliza taratibu, "Na vita vya huko? Ikiharibika?"

Swali hilo lilimchoma Georgette. Yeye mwenyewe aliwahi kukimbia risasi akiwa na mtoto mgongoni tu, bila hata sufuria.

"Ikiharibika, iharibike mikononi mwetu. Watoto wetu pia tunawalea hapa hapa, na hakuna aliyetuambia tuwape wengine wawatunze."

Mwanamke akasema ataliambia baraza lao kwamba familia inadai ngoma irudi, na kwamba ununuzi ule una shaka. Familia itaitwa isikilizwe kabla ya uamuzi.

"Rudia, Madame, watu wasikie," Georgette alisema, akafungua spika ya telefone. Mwanamke akarudia, na ofisi nzima ikasikia.

Alipotoka nje akakaa kwenye ngazi na kumpigia Marcellin, baba yake mdogo, aliyekuwa akingoja habari Luvungi.

"Walikubali?"

"Bado, baba. Lakini maneno ya picha yameisha. Sasa tunaongea ya kuirudisha. Uite ukoo, tuchague watakaosema mbele ya baraza lao."