Kaa la Gobnait

Moto wa Gobnait haukuwahi kuzimika tangu enzi za bibi yake mumewe. Kila usiku aliufukia majivuni, asubuhi akaufukua na kuulisha mabonge makavu ya udongo wa kinamasini, ule unaowaka kama kuni, nao ukaamka taratibu kama mtoto anayepiga miayo. Hata alipofiwa na mume, alilia mbele ya moto huo akisingizia moshi.

Leo fundi kaleta jiko la chuma lenye mlango wa kioo, na Tadhg, mwanawe, kamwaga ndoo nzima ya maji mekoni.

"Umefanya nini wewe?"

"Mama, fundi kataka meko yapoe. Kiberiti si kipo?"

"Kiberiti! Moto wa mabibi zako unauzwa dukani?"

Akabeba ndoo ya bati, akapita katikati ya ukungu hadi kwa jirani yake, Síle. Síle alipoolewa, Gobnait ndiye aliyempelekea kaa la kuwashia moto wa nyumba mpya, kama ilivyo desturi. Lakini mlangoni akaduwaa: jiko la chuma!

"Hata wewe?"

"Ingia, dada, baridi hiyo," Síle akacheka. "Makaa niliyahamisha kwa koleo, moja moja. Moto ni wako uleule."

Síle akamtilia makaa ndooni; Gobnait akarudi nayo, akayalaza ndani ya jiko jipya, akafunga mlango wa kioo. Joto likatambaa hadi kwenye pembe ambazo hazikuwahi kulionja. Machozi yakamtoka, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.