Pingu za Watu wa Mifupa Mikubwa

Hezroni, fundi cherehani wa Same, alikuwa na jozi kumi na moja za pingu za kale. Kwa miaka sita zilikaa chini ya kitanda ndani ya sanduku la bati, kila jozi imepakwa mafuta ya cherehani na kuviringishwa kwenye kipande cha bafta kilichobaki alipokuwa akishona mifuko ya suruali za watu. Hakuwahi kuwa askari, wala hakuwahi kufungwa. Jozi ya kwanza aliinunua kwa muuza chuma chakavu kwa sababu alipenda mlio wa kikomeo chake. Ya pili aliinunua ili ya kwanza isikae peke yake. Alipoulizwa sababu, hilo ndilo jibu aliloweza kulitoa, na kila alipolitoa alilisikia mwenyewe lilivyo.

Mwezi wa pili mwaka huu alizitoa chini ya kitanda, akazipanga kwenye rafu ya juu ya kabati la vyombo sebuleni, nyuma ya kioo, juu ya vitambaa alivyofuma mke wake, Blandina. Glasi za mke wake akazihamishia jikoni, ndani ya ndoo.

Blandina aliporudi sokoni alisimama mbele ya kabati kama mtu aliyekuta ajali barabarani.

"Baba Raheli, pingu nilizofungwa kanisani hazikutoshi?"

"Hii ni historia, Mama Raheli."

"Historia ikalale bandani na kuku."

Walibishana siku tatu, ya nne wakaafikiana. Akipatikana mgeni mmoja mwenye akili zake, akazitazama pingu, akaridhika na kuandika hivyo kwa mkono wake kwenye kaunta buku, rafu itakuwa ya Hezroni moja kwa moja. Asipopatikana hadi Jumamosi ya Pasaka, pingu ziende bandani na glasi zirudi. Ndugu hawahesabiwi. Mchungaji pia hahesabiwi, maana yeye huridhika na kila kitu.

Wageni walikuja. Walitazama kabati, wakamtazama Hezroni, wakauliza alifungwa wapi na kwa kosa gani. Mmoja aliacha chai yake nusu. Hakuna aliyeandika.

Tumaini lake lilikuwa kwenye jozi moja kubwa, aliyoipata Lembeni kwa mtu aliyeapa kuwa ni ya wakati wa Mjerumani. Hezroni aliipima kwa futi yake ya kushonea: mzunguko wa kila duara ni sentimita ishirini na sita. Alijivika, ikamtoka mkononi kama bangili ya kuazima. Mtu mwingine angeuliza chuma kile ni cha nini. Hezroni, kwa kuwa alijiona mtu wa utaratibu, alianza kupima watu. Kila mteja aliyekuja kupimwa suruali alipimwa na kifundo cha mkono. Baada ya watu arobaini na watatu, wakiwemo wazee wawili walioshuka kutoka Mhezi, alihitimisha kwamba hakuna Mpare wa leo anayejaa pingu ile. Basi akaandika kadi kwa mwandiko mzuri:

"Pingu ya watu wa zamani, waliokuwa na mifupa mikubwa kuliko sisi."

Jambo hilo alilieleza hata kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, akataja na makande waliyokula kama sababu ya mifupa hiyo. Watu walisema amina.

Jumamosi ya Pasaka, saa nne asubuhi, akaingia mzee Loishiye, mfugaji wa huko tambarare, kuchukua koti alilotaka kulivaa kesho yake kanisani. Koti halikuwa na mkono wa kushoto.

"Shikamoo mzee. Ingia ndani upumzike, namalizia sasa hivi."

"Marahaba. Sasa hivi yako naijua, fundi," alisema Loishiye. "Mara ya mwisho nilienda mnadani nikarudi."

Akaketi sebuleni. Hezroni, mguu juu ya cherehani barazani, alimsikia akicheka peke yake. Akauacha mkono wa koti ukining'inia, akaenda mbio ndani.

Loishiye alikuwa amefungua kabati. Ile jozi kubwa ilikuwa mapajani mwake.

"Hii umeitoa wapi?"

"Lembeni. Ni pingu ya Mjerumani. Soma kadi, mzee."

Loishiye akasoma polepole, akarudia. Akamtazama Hezroni kwa huruma.

"Kweli, mifupa yake ilikuwa mikubwa," alisema. "Alikuwa punda."

"Nani?"

"Mwenye pingu. Baba yangu alichunga punda wa maji kwenye shamba la mkonge la Mzungu. Jioni unamfunga miguu ya mbele kwa hii, mwizi hamwendeshi. Ufunguo anakaa nao baba. Siku moja ukapotea. Punda akaruka kama sungura siku tatu, na baba nyuma yake anamwomba msamaha."

Akacheka hadi machozi. Kisha akataka kuonyeshwa na nyingine zote, moja moja, akauliza kila moja inafungwaje. Saa nzima ikapita. Hezroni alijibu kila swali, huku masikio yake yakiwaka moto. Watu arobaini na watatu. Na wale wa Mhezi aliwalipia nauli ya kurudi.

Kaunta buku alimpa bila kumwambia aandike nini. Koti lilipokwisha, mzee aliondoka. Blandina akaita kutoka jikoni:

"Huyo ameandika?"

"Ameandika."

"Ameandikaje?"

Hezroni alisoma ukurasa. Katikati palikuwa na maneno mawili mazuri, akayachagua.

"'Nimefurahi sana.'"

"Amefurahia nini?"

Angeweza kusema historia. Badala yake alikwenda jikoni na kitabu, akampa.

Blandina alifuta mikono, akasoma kwa sauti: "'Nimekiona chuma cha punda wa baba. Nimefurahi sana. Fundi anakitunza kuliko Mzungu. Loishiye.'"

Akasoma tena. Kisha akashika mlango kwa mikono miwili, akacheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

"Makande!" alisema alipopata pumzi. "Baba Raheli, makande!"

"Nimekosea."

"Umekosea, lakini mgeni ameridhika. Rafu ni yako." Akaenda naye hadi sebuleni, akainama mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza akazitazama jozi zile kumi zilizobaki kwa makini. Akaweka kidole juu ya ile ndogo kuliko zote.

"Na hii, una hakika si ya mbuzi?"

Hezroni aliichukua, akaenda nayo dirishani penye mwanga.