Dawa ya Wivu Ndani ya Sombe

Goodson wa Kashikishi alikuwa na wivu wa kutosha kugawia wilaya nzima ya Nchelenge, na mwingine ukabaki wa kupeleka Puta. Jogoo wao alichinjwa juu ya kuwika kila muke wake Rosalie akitoka kuoga. Redio iliuzwa kwa sababu mutangazaji alisema "habari ya asubuhi, mama" kwa sauti tamu mno. Hata ziwa hakuliamini. Muke wake akirudi kuchota maji, alimuuliza mbona leo mawimbi yamefika mpaka magotini.

Rosalie ni mutu wa Kilwa, siyo ile ya pwani, ile ya ng'ambo ya ziwa, ndiyo maana nyumba ile ilisema Kiswahili. Lakini waliitana Kibemba, kwa jina la mutoto wao Mpundu: yeye BanaMpundu, bwana BashiMpundu. Rosalie alivumilia wivu, akavumilia, mwisho akachoka. Nyuma ya soko kulikuwa na mukimbizi mumoja, Méschac, muuza mboga na mizizi ya dawa. Akamupa Rosalie majani makavu.

"Twanga pamoja na sombe, mama. Bwana atatulia."

Sombe, yale majani ya muhogo, ikishatwangwa hainuki kitu kingine. Na kweli Goodson alitulia. Alikula bukari yake, ule ugali, akacheka na ukuta, akalala. Majani yenyewe yalikuwa bangi.

Shida ni kwamba yalikwisha kila mara, na kila mara Rosalie alirudi kwa Méschac. Watu wakamwambia Goodson, muke wako anapenda sana mboga za yule. Jina la Méschac likamukwama kooni kama mwiba wa samaki. Wivu ukipanda, Rosalie aliongeza majani. Akiongeza majani, safari za nyuma ya soko nazo ziliongezeka.

Ndipo ngiri ya Goodson, ile aliyoipata kwa kuvuta mitumbwi, ikaanza kumusumbua mpaka wakamwambia lazima apasuliwe. Usiku wa kuamkia hospitali Goodson hakutulia hata kidogo: yeye akilazwa usingizi, nani atamulinda Rosalie? Rosalie akaweka majani mara mbili.

Asubuhi, pale hospitali, akaja Mwaba, mwenye kazi ya kulalisha wagonjwa kabla ya kisu. Kiswahili alikijua toka kwenye meza ya samaki ya mama yake sokoni. Akamushika Goodson mukono, akasikiliza mapigo, akakunja uso.

"Baba, unatumia bangi? Kuvuta, kukula, kukunywa?"

"Mie muzee wa kanisa. Bangi naionaga kwa bavijana tu."

"Nauliza juu ya usingizi. Mutu mwenye kuizoea, dawa ya kawaida inaweza kukosa kumutosha, akashituka kisu kingali ndani. Na kama eko nayo mu damu leo, moyo unakimbia. Nikiweka dawa yangu juu yake bila kujua, naweza kumupoteza."

"Basi kwangu huna kazi. Lalisha."

Rosalie alikuwa amesimama kando ya kitanda, kitenge amekikamata kwa mikono miwili. "Dokta, naomba tuzungumuze kidogo inje."

"Inje?" Goodson akainuka kwa kiwiko. "Mambo gani ya inje, BanaMpundu? Mwanaume mwenyewe kijana, meno yote yako mu kinywa."

"Ni kidogo tu, BashiMpundu."

"Sema hapa. Mukitoka, nami natoka, na kitanda nakibeba."

Rosalie akaangalia mulango, akaangalia bwana wake. Akinyamaza, siri yake itabaki, na bwana labda hatabaki. Akisema, wodi nzima itasikia, maana kwenye vitanda vyote watu walikuwa wameshaacha kuugua ili wasikilize vizuri.

"Eko nayo mu damu," akasema. "Namupikiaga mu sombe. Jana niliweka mara mbili."

Nzi nao wakatua.

"Tangu wakati gani?" Mwaba akauliza.

"Tangu mvua ya mwaka jana."

"Leo halali mutu hapa. Ngiri haijasonga utumbo, inaweza kungoja. Siku damu itakuwa safi nitajua namna ya kumupimia, na nitaweka tayari dawa nyingi ya maumivu, maana mutu kama huyu anaamuka na uchungu kuliko wengine. Na weye mama, kumulisha mutu kitu asichokijua ni kuchezea roho yake. Uache leo."

Rosalie akainamisha kichwa. Wote wakangoja matusi.

"Basi kwa Méschac," Goodson akasema polepole, "ulikuwa unaendaga juu ya majani?"

"Majani tu."

"Mwaka muzima, majani tu?"

"Majani tu, BashiMpundu."

Goodson akajilaza. "Umenilisha kama mbuzi," akasema, "mie muzee wa kanisa." Lakini sauti ilikuwa ya mutu aliyerudishiwa mutumbwi wake uliopotea.

Kumungojea damu isafike ilikuwa kazi, maana wivu ulirudi na matawi mapya. Alimufukuza muchungaji aliyeshika mukono wa Rosalie mpaka mwisho wa maombi. Siku ya kisu, wanasema Mwaba alimupimia dawa ya kulalisha viboko wawili na mutoto wao. Akalala. Akapasuliwa, akashonwa, na akaamuka analia na maumivu, sawa alivyoambiwa. Mwaba akaenda kuleta sindano.

Rosalie alikuwa pale, macho yamevimba.

"Ulilia?" Goodson akauliza.

"Nililia. Nilizania sitakuona tena."

"Sana?"

"Mpaka walinikamata nisianguke."

Goodson akafumba macho, ameridhika. Kisha akafungua moja.

"Nani alikukamata?"