Alama za Njiti

Somo la kwanza la kuchora lilikuwa la kichwa. Mwalimu wa sanaa, ambaye wanafunzi walimwita Madamu Kivuli kwa sababu hakuna kazi aliyoikagua bila kuuliza kivuli kiko wapi, aligawa vipande vya kioo cha kabati lililovunjika. Kila kipande kilizungushiwa selotepu pembeni kisimkate mtu. Kisha akachora yai ubaoni.

"Macho yanakaa wapi?"

"Juu!" darasa zima likajibu.

"Katikati. Pimeni wenyewe, kutoka utosini mpaka kidevuni. Anayechora macho kwenye paji la uso anamnyima mtu ubongo."

"Madamu, wengine ndivyo tulivyoumbwa," akasema Redio, kijana ambaye mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia.

Wote wakacheka, isipokuwa Njiti, maana kucheka kulimuuma mgongo. Njiti alikuwa msichana mwembamba, shingo ndefu, kichwa cha duara, na jina lilimjia lenyewe siku aliyoripoti shuleni. Asubuhi ile Makamu, msaidizi wa mkuu wa shule, alikuwa amemkuta amechelewa mstarini akamchapa kwa kipande cha waya wa umeme, ule mnene wa kupitishwa ukutani.

Mgongoni kwa Njiti hakukuwa na kitu. Tangu waraka ulipobandikwa ofisini kwamba adhabu isiache alama mwilini, waya wa Makamu haukuacha alama. Aliweza kumchapa mtu mpaka shati lake mwenyewe likalowa jasho, na ngozi ya aliyechapwa ikabaki laini kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Maumivu yalibaki palepale. Walimu wenzake walimsifu kuwa ni mtu anayefuata sheria.

Njiti alijichora vizuri kuliko wote. Macho yalikaa katikati, shingo haikukwepeshwa. Madamu alibandika kazi zote ukuta wa nyuma, akisema atasahihisha baadaye. Karatasi zilikuwa zile za ofisini za kuchapia mitihani, nyepesi kiasi kwamba ukiweka kidole upande mmoja unakiona upande wa pili.

Aliporudi kusahihisha, Njiti akiwa ameshachapwa tena, alikuta Njiti wa karatasini amevimba shavu na mdomo umepasuka. Njiti wa kwenye dawati alikuwa mzima kabisa, anachonga penseli. Madamu alimtazama huyu, akamtazama yule, akachukua kalamu nyekundu akaandika chini ya picha: *Haifanani. Chora unachokiona, si unachojisikia. Alama 3/10.*

"Madamu, mimi sijaigusa," alisema Njiti.

"Nani kaigusa basi, panya?"

"Mimi ndiye niliyeguswa. Yenyewe haijaguswa."

Madamu alimwambia aache ujeuri.

Madamu alielewa kwenye somo la vivuli. Alikuwa anaeleza jinsi ya kulaza penseli ubavu ili kivuli kiwe laini, Makamu akaingia bila kubisha. Alikuwa amemsikia Redio tangu koridoni. Alimvuta mpaka mlangoni, akamwangusha kwa teke la ugoko na kuanza. Waya ulilia hewani kila ulipopanda, na uliposhuka ulitoa sauti ya nguo mbichi inayopigwa jiweni. Wanafunzi hawakumtazama Redio. Waligeuka wote kutazama ukuta wa nyuma, ambako Redio wa karatasini alikuwa akipasuka mistari, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio uleule wa kelele za mlangoni. Damu ilianza kuchuruzika, ikapita kwenye pini, ikadondoka sakafuni.

"Sikio limekwenda hilo," mmoja akanong'ona.

"La kushoto au la kulia?" akauliza Redio kutoka chini, katikati ya fimbo mbili.

Makamu alipochoka alijifuta shingo, akamwomba radhi Madamu kwa kumkatizia kipindi, akaondoka. Madamu alichukua tambara la ubaoni akafuta damu chini ya picha. Kengele ilikuwa bado, kwa hiyo akaendelea na vivuli, ila chaki ilimvunjika mkononi mara kwa mara.

Habari ilifika chumba cha walimu kabla yake, maana shule haina siri, ina foleni tu ya wanaosubiri kusimuliwa. Mwalimu wa baiolojia alisema damu inachelewa kuganda kwenye karatasi kuliko kwenye kidonda. Mwalimu wa hesabu, mama mwenye roho nyepesi na chai nzito, alishauri picha zishushwe chini kidogo, maana akipita dirishani zinamharibia hamu ya kula. Wote walikubali kwamba ni jambo la kusikitisha, wakaulizana sukari imefichwa wapi.

Redio ndiye aliyetoa wazo la kumchora Makamu.

"Kama karatasi inapokea," alisema, "basi na yeye apokee."

Walishirikiana wote, na Njiti akamalizia macho. Walimtoa Makamu mzimamzima: mwanya wa meno, ndevu zilizochongwa, hata kitambi cha heshima. Wakafunga mlango wakaanza kumpiga. Walimpiga ngumi, walimpiga rula, na Redio akamtoboa kwa ncha ya bikari kwenye shavu, shingoni na kifuani, huku akimtukana matusi ambayo mengine aliyatunga palepale. Makamu wa karatasini hakutoboka. Asubuhi yake matundu ya bikari yalikutwa kwenye nyuso zao wenyewe ukutani, kila mmoja kwa fungu lake, na wengi waliamka wakishika mashavu.

Makamu aliiona picha yake, akaisifu. Aliikunja vizuri akampelekea mke wake.

Jicho la Njiti lilikwenda siku ya mvua, wakati njia ya kuja shuleni ilikuwa tope na nusu ya shule ilichelewa. Makamu aliwapanga barazani. Kwa Njiti mkono uliteleza kwa sababu ya maji, ncha ya waya ikampiga usoni. Alianguka kwa magoti. Makamu alimpiga tena kwa kuwa alikuwa hajamruhusu kupiga magoti. Darasani karatasi yake ilichanika kuanzia kwenye nyusi mpaka shavuni. Kipande chenye jicho kilijikunja, kikabembea kidogo, kikadondoka.

Njiti alisimama na uso wake mzuri usio na mkwaruzo. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akafunua, akafunika tena.

"Upande huu hamna kitu," alisema.

Daktari alilimulika jicho la kushoto kwa tochi. Alisema ni jicho zima, tena safi kuliko macho ya wengi wanaokuja pale, na kwamba halioni.

Mama yake Njiti alikuwa fundi cherehani. Alifika shuleni na futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni, akakaa mbele ya mkuu wa shule bila kukaribishwa. Alitaka jambo moja: yule mtu asimguse tena mwanawe. Makamu aliitwa. Madamu Kivuli alikuja bila kuitwa, ameishika ile karatasi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Mama, pole sana," alisema Makamu kwa upole. "Lakini mimi nafanya kazi kwa waraka. Nionyeshe alama."

Mama alimgeuza mwanawe uso kwenye mwanga wa dirisha. Wote walitazama. Shavu liling'aa.

"Alama ziko pale," mama akasema, akaonyesha karatasi.

"Ile ni karatasi, mama."

"Ni sura yake," Madamu akaingilia. "Mkuu, ni sura yake ileile. Kila anachopigwa kinatokea hapa. Darasa zima limeona. Hata mimi nimeona."

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa haki, hasa haki ikiwa fupi. Alivaa miwani, akaivuta karatasi karibu, akaipitia kuanzia juu mpaka chini, akafika kwenye wino mwekundu. Akasoma kwa sauti: "*Haifanani.*"

Akainua macho juu ya miwani.

"Huu mwandiko si wako, Madamu?"

"Ni wangu."

"Na wewe ndiye mtaalamu wetu wa mambo haya ya kufanana."

"Niliandika kabla sijatazama vizuri."

"Unasahihishaje kabla ya kutazama?"

Mama yake Njiti alimgeukia Madamu. Hakupandisha sauti.

"Dada yangu, mwanangu ulikuwa naye darasani kila wiki. Ulikuwa unamtazama nani?"

"Mama anasema alama ziko hapa," Makamu alisema, akainama juu ya meza. "Ni kweli, nimeziona. Tatu kwa kumi."

Mkuu alicheka kidogo, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa tangu mwanzo. Shauri likaisha. Mama alirudi kwenye cherehani yake. Alasiri ile Njiti alichapwa kwa kuipotezea ofisi muda, na kwa kuwa uso wake ukutani ulishachanika, fimbo zilipasua shingo.

Aliendelea kusoma. Alibaki kuwa mchoraji bora wa darasa. Wachoraji hufumba jicho moja wanapopima kwa penseli, na Njiti hakuhitaji kufumba.

Mwaka uliofuata wazazi wa wanafunzi wapya walikuwa wameshaambiana. Hakuna aliyepanga mkutano. Habari ilipita kwenye viti vya saluni na kwenye milango ya nyumba za kupanga, kwamba pale shuleni mtoto asichorwe kwenye karatasi ya ofisi, inachanika. Wenye maduka karibu na geti waliweka karatasi za kila unene kando ya soksi na madaftari. Baba mmoja alimpa mwanawe ubao wa plaiwudi. Makamu aliwapokea wote getini kwa tabasamu, waya mfukoni, akawapongeza kwa kujiandaa mapema.

Mama yake Njiti naye alikuja, ameshika mkono wa binti yake wa pili, ambaye alikuwa na shingo ileile ndefu. Hakumsalimu Makamu. Alikwenda moja kwa moja chumba cha sanaa, akamkuta Madamu anafungua bunda.

"Shikamoo, Madamu," akasema binti.

"Marahaba, mama. Karibu."

Mama alichukua karatasi ya juu, akaisugua kati ya vidole kama anavyosugua kitambaa asichokiamini, akaivuta kwa pembe mbili. Ikachanika.

"Nyingine," akasema.

Madamu alimpa ya pili. Nayo ikachanika. Kutoka barazani kulisikika mtoto analia, na darasani wanafunzi wakubwa waligeuza shingo kutazama ukuta wajue ni nani. Madamu alipanda juu ya kiti, akashusha kutoka rafu ya mwisho karatasi ngumu ya kufungia vitabu, akaifuta vumbi kwa mkono wa gauni.

Mama aliivuta. Akaweka goti katikati akaivuta tena kwa nguvu zake zote, mpaka mshipa ukamsimama shingoni. Ilipinda, ikarudi.

"Hii," akasema, akihema. "Nipe mbili."